Skrini ya 1024x768 na kibodi iliyokufa ndani ya X: pa kuanzia kwenye mfumo uliojikompailia

Swali la msomaji: "Nimejenga Linux From Scratch (LFS, Linux unayoikompaili mwenyewe kuanzia mwanzo), toleo la SysV (linalowashwa kwa skripti, bila systemd), kwenye laptopu yenye prosesa ya Intel kizazi cha sita (HD Graphics 520), kisha nikaongeza Mesa (maktaba ya kuchora grafiki) na Xorg (seva ya skrini, au X kwa kifupi) kwa kufuata BLFS, mwongozo wa kuongeza programu juu ya LFS. Kwenye konsoli kila kitu kiko sawa, naandika vizuri tu. Nikipiga startx, skrini inafunguka ikiwa 1024x768, madirisha yanajikokota, na papo hapo kibodi, tachipedi na hata mausi ya USB vinakufa. Ctrl+Alt+F2 haijibu, inabidi nizime kwa kitufe cha umeme. Kerneli niliipunguza ili iwe nyepesi. Nimeshakompaili upya Mesa na xorg-server, hakuna kilichobadilika. Ndani ya /dev/dri naona card0 peke yake. Nianzie wapi?"

Jibu:

Iache Mesa kwanza. Dalili ulizozieleza zinaonyesha hitilafu mbili tofauti, lakini zote zimekaa mahali pamoja: kwenye .config (faili la machaguo) ya kerneli uliyoipunguza. Hata ukiikompaili Mesa mwezi mzima hutafika huko, kwa sababu Mesa na Xorg hutumia kile tu ambacho kerneli imekitoa kupitia /dev. Kisichokuwepo kwenye /dev hawawezi kukibuni.

Nianze na kibodi, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Inawezekanaje ifanye kazi kwenye konsoli halafu ife ndani ya X? Kitufe kikibonyezwa, draiva ya kibodi (kwenye laptopu nyingi ni atkbd juu ya i8042) hupeleka taarifa kwa kila mpokeaji aliyejiandikisha ndani ya kerneli. Mpokeaji mmoja anaitwa kbd, naye ndiye anayelisha konsoli. Mwingine ni evdev, ambaye hutengeneza /dev/input/event0, event1 na kuendelea. Xorg haina habari na kbd. Kupitia libinput, maktaba ya vifaa vya kuingizia, inasoma /dev/input/event* tu. Ukiwa umezima CONFIG_INPUT_EVDEV wakati wa kupunguza, konsoli haitalalamika hata kidogo, ila X itafunguka bila kibodi, bila tachipedi, bila mausi ya USB. Na Ctrl+Alt+F2 haijibu kwa kuwa X ikishachukua konsoli huizima kibodi ya upande ule, na kazi ya kubadilisha tty (konsoli moja kwenda nyingine) inabaki kwa X yenyewe, ambayo haipokei kitufe chochote.

Hakikisha kwa amri hii ukiwa konsoli:

    cat /proc/bus/input/devices

Tafuta kifaa chenye jina "AT Translated Set 2 keyboard" na uangalie mstari wake wa Handlers. Ulio mzima unafanana na huu:

    H: Handlers=sysrq kbd leds event3

Kama wako hauna neno event lenye namba, jibu umelipata. Ukiona event ipo na bado X haisikii, shida iko kwa udev, programu inayovitambua na kuvipa lebo vifaa vya /dev; nitaifikia.

Sasa skrini. Ulipotaja card0 iliyo peke yake umenirahisishia kazi. Draiva kamili ya grafiki kama i915 hutengeneza vifaa viwili ndani ya /dev/dri: card0 (au card1), ambayo hupanga skrini, na renderD128, ambayo programu huitumia kuchora kwa chipu ya grafiki. Draiva ndogo ya simpledrm hutengeneza cha kwanza tu. Kazi yake ni kupokea eneo la picha ambalo UEFI (programu ya ubao mama) na GRUB (kiwashaji cha kerneli) vimeshaliandaa, kwa ukubwa uleule, bila uwezo wa kuubadilisha na bila kuigusa chipu ya grafiki. Kwa hiyo card bila renderD128 maana yake unatazama simpledrm, na kila kitu kinachorwa na prosesa; ndiyo maana madirisha yanajikokota. Namba ya 1024x768 nayo haikutoka kwenye X. Fungua /boot/grub/grub.cfg uone kama kuna mstari set gfxpayload=1024x768. Kama upo, chanzo cha ukubwa huo ni hapo, lakini usihangaike kuubadilisha: i915 ikiwaka itapanga ukubwa halisi wa skrini yenyewe.

Thibitisha hivi:

    lspci -nnk | grep -A3 -E 'VGA|3D'

Kwa chipu yako utaona Skylake GT2 [HD Graphics 520] [8086:1916]. Mstari unaoutafuta ni "Kernel driver in use: i915". Usipokuwepo, kerneli haina draiva hiyo, au inayo kama moduli (kipande cha kerneli kinachokaa kando na kupakiwa baadaye) na moduli haijapakiwa.

Kabla hujagusa .config, angalia jambo moja dogo ambalo limewapotezea watu muda mwingi kuliko madraiva yote: je, kerneli inayowaka ni ile uliyoikompaili mwisho? Piga

    uname -rv

Utaona namba ya toleo, kisha alama ya # na idadi ya mara ulizokompaili kwenye folda ile, pamoja na tarehe na saa. Tarehe ikiwa ya wiki iliyopita wakati umekompaili jana usiku, umesahau kunakili bzImage kwenda /boot, au GRUB inawasha faili la zamani. Angalia pia kwamba folda ya /lib/modules/ yenye jina lilelile la uname -r ipo na ina vitu ndani. Isipokuwepo, kila ulichokiweka kama moduli ni sawa na hakipo.

Pia acha kuzima kwa kitufe cha umeme. Siku moja utaharibu mfumo wa mafaili na utakuwa na matatizo mawili. Njia bora ni kuwa na sshd (huduma ya kuingia kupitia mtandao) na kuingia kutoka simu au kompyuta nyingine, maana X ikinyamaza mtandao hauathiriki. Kama huna, ingia tty2 kama root, andika

    sleep 60; pkill -x 'X|Xorg'

kisha rudi tty1 upige startx. Baada ya sekunde 60 X inauawa na konsoli yako inarudi. Nimeweka majina yote mawili kwa kuwa, kutegemea ilivyojengwa, mchakato unaweza kuonekana kama X au kama Xorg.

Turudi kwenye kerneli. Ukiwa ndani ya make menuconfig, bonyeza / na uandike jina la chaguo. Itakuonyesha liko wapi na linategemea nini, na namba iliyo pembeni inakupeleka hapo moja kwa moja. Upande wa grafiki unahitaji DRM, DRM_I915 na DRM_FBDEV_EMULATION pamoja na FRAMEBUFFER_CONSOLE, ili konsoli nayo ihamie kwenye i915. Iache DRM_SIMPLEDRM pamoja na SYSFB_SIMPLEFB: zinakupa maandishi ya mapema wakati wa kuwaka, na i915 ikija inaisukuma simpledrm pembeni. Usishangae hapo card0 ikitoweka na badala yake ikaja card1. Ndiyo sababu sipendi kuona /dev/dri/card0 imeandikwa kwa mkono ndani ya xorg.conf. Kwa kweli, kwa mashine yenye grafiki moja sipendi kuona xorg.conf yoyote, kama uliwahi kuandika, ihamishe nje ya /etc/X11 kabla ya jaribio lijalo.

DRM_I915 iweke kama moduli (m), si ndani ya kerneli (y). Sababu ni fimwea, yaani faili dogo la maagizo ambalo draiva hulipakia ndani ya chipu. Draiva iliyo ndani ya kerneli huamka kabla mfumo wa mafaili haujaunganishwa, inalitafuta faili kwenye /lib/firmware ambayo bado haipo, inashindwa. Kwa chipu yako hasara si kubwa: utasoma kwenye dmesg kuwa i915/skl_dmc_ver1_27.bin haikupatikana na "Disabling runtime power management", skrini itawaka vizuri ila betri itaisha haraka zaidi. Faili lenyewe halifiki kilobaiti 10, kwa hiyo usimalize bando kushusha linux-firmware nzima; chukua hilo moja, liweke /lib/firmware/i915/. Ukishikilia kuwa na draiva ndani ya kerneli, basi jaza CONFIG_EXTRA_FIRMWARE="i915/skl_dmc_ver1_27.bin" ili faili lifungwe humo humo.

Wenye AMD wasome aya hiyo mara mbili. Kwao amdgpu bila fimwea haiwashi kabisa, dmesg huandika "Direct firmware load for amdgpu/... failed with error -2", na skrini hubaki nyeusi au hubaki kwenye simpledrm. Namba -2 maana yake faili halikuonekana, si kwamba ni bovu. Na kadi za NVIDIA kuanzia familia ya GeForce 900 zinahitaji fimwea iliyotiwa sahihi na NVIDIA wenyewe ndipo nouveau iweze kuongeza kasi ya kuchora.

Upande wa vifaa vya kuingizia, weka hivi vyote kuwa y: INPUT_EVDEV, SERIO_I8042, KEYBOARD_ATKBD, HID_GENERIC, USB_HID na USB_XHCI_HCD. Kwenye kizazi chako cha Intel milango yote ya USB inapita kwenye xHCI, kwa hiyo kuwasha EHCI peke yake kwa kudhani mausi ya zamani inaitaka hakutasaidia. Na HID_GENERIC ikikosekana utapata kituko: dmesg itatangaza "new low-speed USB device" pindi unapochomeka mausi, kisha kimya, hakuna kifaa kinachozaliwa ndani ya /dev/input. Waliotumia make localmodconfig ndio wanaoangukia hapo zaidi, kwa sababu amri ile huhifadhi tu moduli zilizokuwa zimepakiwa wakati ule. Mausi haikuwa imechomekwa? Draiva yake imetupwa.

Tachipedi inataka maelezo yake, kwa sababu kuna aina mbili na kila moja ina njia yake. Ya kwanza iko kwenye PS/2, njia ileile ya kibodi, na inahitaji MOUSE_PS2 pamoja na chaguo dogo la kampuni yake, mfano MOUSE_PS2_SYNAPTICS, MOUSE_PS2_ALPS au MOUSE_PS2_ELANTECH. Ukisahau hilo dogo, tachipedi itaonekana kama "PS/2 Generic Mouse": mshale unakwenda, lakini kusogeza ukurasa kwa vidole viwili hakuna, na hakuna mpangilio wa libinput utakaokurudishia. Ya pili iko kwenye I2C, na hii ndiyo yenye mnyororo mrefu. Kujua yako ni ipi hata kabla draiva haijawekwa:

    grep -l PNP0C50 /sys/bus/acpi/devices/*/modalias

Ikirudisha jina la faili, una kifaa cha I2C. Kwa chipu yako mnyororo wake ni MFD_INTEL_LPSS_PCI (ndiyo inayoamsha vidhibiti vya I2C, vile lspci huvionyesha kama 8086:9d60 na jirani zake), I2C_DESIGNWARE_PLATFORM, I2C_HID_ACPI, HID_MULTITOUCH, na PINCTRL_SUNRISEPOINT. Hiyo ya mwisho husahaulika kila mara kwa kuwa jina lake halina harufu ya tachipedi. Tachipedi ya I2C haisukumi data yenyewe. Inavuta waya mmoja wa GPIO kuijulisha prosesa kwamba kidole kimegusa, na waya huo unasimamiwa na pinctrl. Bila pinctrl, i2c_hid inabaki inamsubiri msimamizi ambaye hatakuja, wala haiandiki kosa la kueleweka. Ukishuku hivyo:

    mount -t debugfs none /sys/kernel/debug
    cat /sys/kernel/debug/devices_deferred

(Kama debugfs imeshaunganishwa, mstari wa kwanza utalalamika, upuuze.) Jina la tachipedi yako likiwa kwenye orodha hiyo, kuna draiva inayosubiriwa.

Kwa wanaopenda kubadilisha .config kwa ./scripts/config badala ya menuconfig, kuna mtego. Chombo hicho huandika ulichosema bila kuuliza kama masharti yametimia. Kisha make olddefconfig inapita na kufuta kimyakimya kila chaguo lisilotimiza masharti. Mfano mzuri ni I2C_DESIGNWARE_PLATFORM: inategemea COMMON_CLK, ambayo huwashwa na MFD_INTEL_LPSS_PCI. Ukiiwasha ya kwanza bila ya pili inaweza kutoweka, nawe ukaapa kuwa uliiweka. Kwa hiyo baada ya olddefconfig, siku zote soma matokeo:

    grep -E 'INPUT_EVDEV|DRM_I915=|I2C_HID_ACPI|DESIGNWARE_PLATFORM|SUNRISEPOINT|HID_MULTITOUCH|HID_GENERIC|LPSS_PCI' .config

Mstari wenye "is not set", au usioonekana kabisa, urudie kwenye menuconfig.

Wakati wa kukompaili, usiifute kerneli inayowaka sasa. Weka CONFIG_LOCALVERSION="-jaribio", halafu:

    make -j4
    make modules_install
    cp arch/x86/boot/bzImage /boot/vmlinuz-jaribio

Ongeza menuentry mpya kwenye grub.cfg na uiache ya zamani palepale. Kwa kuwa jina la toleo limebadilika, moduli zinaingia folda yake ndani ya /lib/modules na haziwezi kugongana na za zamani. Jaribio likikwama, unawasha upya na kuchagua ya zamani.

Ukiwaka na kerneli mpya, usikimbilie startx. Kagua ukiwa konsoli: maandishi yawe yamekuwa madogo na makali (i915 imechukua skrini), ls /dev/dri ionyeshe card na renderD128, na Handlers zote ziwe na event. Kisha:

    libinput list-devices

kama root. Ikiorodhesha kibodi, tachipedi na mausi, kwa upande wa kerneli umemaliza. Ikiwa /dev/input/event3 ipo lakini libinput haiioni, sasa ndipo tunapomgeukia udev. Piga udevadm info /dev/input/event3 na utafute ID_INPUT=1 na ID_INPUT_KEYBOARD=1. Lebo hizi hubandikwa na udev, na Xorg hukipita kifaa kisichokuwa nazo. Zikikosekana, ama udevd haikuwashwa na skripti za kuwasha, ama kanuni zake ndani ya /usr/lib/udev/rules.d hazikusakinishwa zote. Washa udevd, kisha udevadm trigger --subsystem-match=input, uangalie tena. Kwenye logi ya Xorg hali hii ina alama yake. Utauona mstari unaoanza "The server relies on udev to provide the list of input devices", ambao ni wa kawaida na huwepo hata kwa waliosalimika. Lakini baada yake inapaswa ije mistari ya "config/udev: Adding input device". Isipokuja hata mmoja, X haikuletewa kifaa chochote.

Logi yenyewe iko /var/log/Xorg.0.log X ikiendeshwa kwa mamlaka ya root, au ~/.local/share/xorg/Xorg.0.log ikiendeshwa bila. Angalia tarehe ya faili kabla ya kulisoma, maana ni rahisi kuumiza kichwa na logi ya juzi. Tafuta (EE), lakini usiogope kila (EE). Huu, kwa mfano:

    (EE) Failed to load module "intel" (module does not exist, 0)

hauna shida yoyote. Kwenye chipu ya Intel, Xorg hujaribu draiva inayoitwa intel, ikiikosa inashika modesetting, ambayo imo ndani ya xorg-server yenyewe na ndiyo unayoitaka. Watu wengi wakiuona mstari huu hukimbilia kukompaili xf86-video-intel, draiva ya zamani iliyoachwa, na kujiletea mikwaruzo kwenye skrini ambayo hawakuwa nayo. Mstari kama huo kuhusu fbdev au vesa upuuze vilevile. Ila ukisema "libinput" badala ya "intel", huo ni wa kweli: xf86-input-libinput haijasakinishwa, au imesakinishwa mahali Xorg haitafuti.

Hilo la mahali lina sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni XORG_PREFIX: ukijenga seva kwa /usr na draiva kwa /opt/xorg, kila mmoja atakuwa na folda yake ya moduli na hawatakutana. Ya pili ni /usr/lib64. LFS kwa makusudi haina folda hiyo. Lakini pakeji moja ikikosea na kuitengeneza, Meson kuanzia siku hiyo inaiona na kudhani ndiyo folda rasmi ya maktaba, na kila utakachojenga baadaye kitaingia huko, mbali na vingine. Piga ls -d /usr/lib64; ikijibu, chunguza yaliyomo, jenga upya pakeji husika kwa --libdir=/usr/lib, kisha ifute folda.

Kuna pia kosa la "module ABI major version (24) doesn't match the server's version (25)". Hilo huwapata waliopandisha seva kutoka 1.20 kwenda 21.1 bila kukompaili upya draiva za skrini zilizosakinishwa kando. Ukitumia modesetting halikuhusu.

X ikifunguka sasa, na kibodi ikiwa hai, malizia kwa kuangalia nani anachora:

    glxinfo -B | grep renderer

Unataka kuona "Mesa Intel(R) HD Graphics 520 (SKL GT2)". Ukiona llvmpipe (uchoraji unaofanywa na prosesa) wakati renderD128 ipo na i915 imepakiwa, hapo ndipo Mesa inapostahili kuulizwa. (Logi ya X nayo itakuwa imeandika "Refusing to try glamor on llvmpipe".) Endesha LIBGL_DEBUG=verbose glxinfo -B na usome mistari ya mwanzo; ikisema imeshindwa kufungua iris, angalia kama /usr/lib/dri/iris_dri.so ipo. Isipokuwepo, ulijenga Mesa bila draiva yako. Kwa kizazi cha 6, na kwa kila Intel kuanzia Broadwell, jina ni iris. Crocus ni ya chipu za nyuma yake. Kwa hiyo:

    -D platforms=x11,wayland -D gallium-drivers=iris,llvmpipe -D vulkan-drivers=intel

Matoleo ya karibuni ya Mesa yanadai libclc ili yajenge iris, na libclc nayo inadai LLVM, Clang na SPIRV-LLVM-Translator. Nadhani wengi huondoa iris kwenye orodha hapo hapo, wanapoona mlolongo huo, bila kutambua kwamba wameondoa draiva pekee inayoijua chipu yao. Kwa AMD za kisasa jina ni radeonsi, na LLVM yako iwe imejengwa kwa LLVM_TARGETS_TO_BUILD="host;AMDGPU".

Ikiwa faili la iris lipo na bado unapata llvmpipe, angalia kama una maktaba mbili za libGL, moja ikiwa imebaki /usr/local/lib kutoka jaribio la zamani. ldd $(which glxinfo) itakuonyesha inashika ipi.

Limebaki suala la ruhusa, ambalo kwa SysV huibuka mara tu mengine yakikaa sawa. Ukiendesha startx kama mtumiaji wa kawaida na ukapata "xf86OpenConsole: Cannot open virtual console 7 (Permission denied)", X inajaribu kufungua konsoli isiyo yako. Suluhisho zuri ni elogind (msimamizi wa vikao vya watumiaji) iliyounganishwa na PAM (mfumo wa kuthibitisha watumiaji), uhakikishe kwa loginctl kwamba una kikao, kisha startx -- vt1 ukiwa tty1. Usikimbilie kumwingiza mtumiaji kwenye kundi la input ili kibodi ifanye kazi. Itafanya kazi, lakini kila programu anayoiendesha itaweza kusoma kila kitufe kinachobonyezwa, nywila zikiwemo. Kundi la video halina hatari ya namna hiyo.

Na X ikizima yenyewe kwa "Failed to activate virtual core keyboard: 2", hilo si suala la draiva tena: xkbcomp au xkeyboard-config haipo, au folda uliyoitaja kwa xkb_output_dir haipo. Kwa BLFS ni /var/lib/xkb.

Ukifanya yote haya na bado kuna kilichogoma, nitumie dmesg nzima, Xorg.0.log nzima, na .config. Nzima, si mistari uliyoichagua, kwa sababu mara nyingi ninachokitafuta ni mstari ambao haupo.